Jina la Marehemu Lililowaka Kila Mchana

Kaka yangu tulishamzika. Arobaini yake haijafika, jina lake likawaka kijani kwenye simu yangu.

"Shehroz yupo mtandaoni."

Aisee, simu ilinitoka mkononi ikatumbukia kwenye unga wa chapati.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, Nayab, niliyeolewa hapa mjini Gujranwala, kwetu ni mji wa Sialkot. Asiyeamini aache.

Shehroz alikuwa kitinda mimba wetu, mwana pekee wa kiume. Homa ya dengi ilimchukua haraka, hata manesi hawakupata muda wa kulizoea jina lake.

Ugonjwa wake mwingine ulikuwa gemu la kriketi. Alikuwa na mashine yake ya kuchezea na sidi moja ya gemu hilo aliyoipenda kuliko chakula. Mle ndani aliunda timu ya familia. Mimi nimo, na ushungi wangu. Ammi, mama yetu, yumo, mnene vilevile alivyo, anapiga mipira mpaka inatoka uwanjani. Mrushaji wetu ni Abbu. Shehroz akajiweka mdakaji, yule anayesimama nyuma ya vijiti.

Abbu hakutaka hata kuliangalia hilo gemu. Baba yetu, Mzee Riasat, kazi yake ni kuchonga magongo ya kriketi. Kwake lile gemu lilikuwa tusi.

"Mtoto wa mchonga magongo anacheza kwa vidole gumba! Toka nje ukashike gongo la kweli, mvivu we!"

"Abbu, njoo uone basi. Humu wewe ndiye staa."

"Niondolee upuuzi."

Ndivyo walivyoishi, mmoja anaita, mwingine anafoka.

Mimi Shehroz aliniwekea programu ya gemu kwenye simu, ili akiingia kucheza nimwone, nimtanie kidogo.

Baada ya mazishi Abbu aliibeba ile mashine na sidi yake. Akasema anakwenda kuiuza kwa Khawar, mwenye duka la gemu za mtumba. Ammi alilia. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Kwa hiyo jina lilipowaka, nikajua: kuna mshenzi kainunua, anacheza kwa jina la marehemu wetu.

Nikamwandikia. "Wewe ni nani?"

Jina likabaki linawaka.

"Huyo ni marehemu. Huna haya?"

Taa ikazima papo hapo.

Kesho yake mchana ikawaka tena. Dakika chache, ikazima. Kesho kutwa hivyo hivyo. Ikawa kila siku.

Chakula kikawa hakipiti. Mume wangu akaniambia, "Futa hiyo programu, Nayab. Itakumaliza."

"Nifute jina la ndugu yangu kwa mkono wangu?"

Akaisogeza sahani yangu karibu, akatoka.

Mwisho nikapanda basi mpaka Sialkot. Nyumbani sikupita. Moja kwa moja kwa Khawar.

"Nani umemuuzia mashine ya Shehroz?"

Khawar akanitazama kama mtu aliyesukumiwa kesi. "Sijamuuzia mtu, dada. Mzee aliileta, nikamrudishia."

"Ukamrudishia kwa nini?"

"Ile sidi haiuziki. Za siku hizi zinajifunga kwa jina la mtu wa kwanza kuzitia kwenye mashine. Mwingine akiitumia, inamkatalia. Biashara yetu ya mtumba inakufa hivi hivi tunaiona."

"Na mashine yenyewe?"

"Hiyo ndiyo balaa. Kila siku lazima iingie mtandaoni, kampuni ihakikishe mwenye sidi ni yule yule. Haijakosa siku, ndiyo maana bado inamjua Shehroz. Ikipitisha hata moja, inajifunga, inadai neno la siri." Akashusha sauti. "Mzee aliniuliza, ikijifunga, vitu vya mwanangu vilivyomo ndani vinakwenda wapi? Nikamwambia, hutaviona tena."

Nikatoka dukani bila kuaga.

Karakana ya Abbu haiko mbali na pale. Nilikuta mlango umerudishwa. Nikausukuma taratibu.

Baba yangu alikuwa amekaa kwenye gogo la kuchongea, miwani puani, vumbi la mbao ndevuni. Mkononi kidude cha kubonyezea gemu, kakishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Mbele yake ile mashine, na televisheni ndogo kaiegemeza kwenye rundo la magongo.

Akashtuka. "Nayab! Nani kakwambia?"

"Abbu, ni wewe?"

"Usimwambie mama yako."

"Nilikuandikia! Mbona ulizima?"

"Zile herufi za Kizungu zilikuwa zako?" Akakuna kichwa. Abbu anasoma Kiurdu kwa maandishi yake ya asili tu, kikiandikwa kwa herufi za Kizungu hakijui. "Mimi nilidhani kampuni imenishika. Nikaogopa watamfukuza."

Watamfukuza. Alisema hivyo hivyo.

Nikakaa chini kwenye vumbi la mbao.

"Abbu, unacheza gemu?"

"Sichezi. Tazama. Subiri."

Kwenye kioo nikamwona Riasat wa kwenye gemu akikimbia, ndevu zikiwa bado nyeusi. Mara ya kwanza mpira ukaenda kombo. Mara ya pili kombo. Abbu akalaani kwa Kipunjabi, matusi ambayo sitayaandika hapa. Mara ya tatu mpira ukavigonga vijiti nyuma ya mpigaji, vikaruka.

"Sasa hivi," Abbu akanong'ona. "Anakuja sasa hivi."

Kutoka nyuma ya vijiti, yule mdakaji akavua glavu, akazitupa, akaja mbio uwanja mzima. Akamrukia baba yake shingoni, akamkumbatia.

Shehroz wetu. Pua ile ile ndefu.

"Khawar anasema kila mchezaji unamchagulia namna ya kushangilia," Abbu akasema. Macho hayakubanduka kwenye kioo. "Wengine wananyoosha mikono juu. Huyu alijichagulia hivyo."

Nililia mpaka kwikwi. Abbu hakulia. Akarusha tena.

Tangu siku ile nikawa na siri na baba yangu. Kila mchana taa ikiwaka, nilijua kaka anamkumbatia mzee.

Neno la siri tulilitafuta. Njia ya kulibadilisha ilipitia simu ya Shehroz, na simu ile ilifunguka kwa kidole chake tu. Nikawaandikia kampuni. Wakajibu kwa adabu kabisa: poleni kwa msiba, akaunti hairithiwi.

Kisha zikaja zile mvua. Sialkot nzima maji, umeme ukakatika, minara ya simu ikafa. Nilikaa na simu mkononi kutwa nzima. Taa haikuwaka.

Siku iliyofuata mlango wangu ukagongwa. Abbu, amelowa kuanzia kilemba hadi viatu. Kifuani kakumbatia mzigo uliofungwa nailoni juu ya nailoni. Sehemu ya njia alikuwa ametembea kwa miguu, maji magotini.

"Hapa kwenu mtandao upo?"

Upo, nikamwambia.

Tukaunganisha hata kabla hajavua viatu. Mashine ikawaka. Ikazunguka, ikazunguka.

Ikadai neno la siri.

Tulijaribu jina lake. La Ammi. Sialkot. Abbu akasema, "Weka jina langu." Nikaweka Riasat, kwa kila namna ya kuliandika.

Maandishi mekundu yakatokea: akaunti imefungwa.

"Imesema nini?" Abbu akauliza.

Nikashindwa kumsomea. Akauona uso wangu, akaelewa.

"Abbu, nitakununulia sidi nyingine," nikasema haraka haraka. "Kwa jina langu. Tutaiunda timu upya, sote. Hata Shehroz. Tutamwekea kukukimbilia vilevile."

Akatikisa kichwa pole pole.

"Yule alinikimbilia kwa kutaka mwenyewe, Nayab. Huyo wenu atakuwa ametumwa."

Nilimkumbatia vile vile na maji yake. Ndipo mzee akalia, kilio cha mwanamume asiyejua kinaanzia wapi.

Ndugu zangu, kitu ulichokinunua ambacho kila siku lazima kiombe ruhusa kwa watu usiowajua, hicho umekikodi tu. Muulize muuzaji mapema, kabla hujaweka humo mtu umpendaye.

Na wewe ambaye mwanao anakuita "njoo uone", inuka. Mpe bega lako leo, akiwa bado na mikono ya kulishika.