Ndoo ya Bi Zuhura

Ndugu zangu, afadhali mnisikie mie kabla hamjasikia kwa wanawake wa kisimani. Juma lililopita, na mvi zangu hizi, nilijiaibisha hapa Temeke.

Nilikuwa nimemposa Bi Zuhura, mjane mwenzangu. Mama yake, bibi aliyenizidi umri, akasita kutoa jibu. "Huyo mzee hana nguvu," alisema. "Mwanangu atakwenda kumlea tu."

Basi nilipomkuta Zuhura kisimani na wenzake, nikaona hapa ndipo pa kuonyesha nguvu. Nikaichukua ndoo yake imejaa maji, nikaizungusha ikapanda juu ya kichwa changu, ikashuka, ikapanda tena. Halikumwagika hata tone.

"Mbona hayamwagiki, Mzee Sefu?" akauliza mmoja.

"Yenyewe yanataka kwenda nje, mkono unayavuta ndani. Yatapita wapi?"

Mchezo huo niliujulia bandarini, zamani nikibeba mizigo ya Wazungu. Hata koti nililovaa siku hiyo nililinunua huko, kwa Mgoa mmoja mbishi sana, lakini tumwache.

Kumbe mama mtu amesimama pale. Nilimwona ndoo ikiwa juu kabisa. Nami nilivyolelewa, mkwe haamkiwi huku unacheza. Nikausimamisha mkono pale pale ulipo, nikasema kwa adabu, "Shikamoo, mama."

Maji yote yakanishukia, kofia, koti, mpaka viatu.

"Marahaba, baba," akajibu taratibu, kisha akamgeukia mwanawe. "Zuhura, mfute huyo asije akashikwa na kifua. Si nilikwambia utalea?"