Kata Moja, Shule Nzima

Shule mimi niliipita kwa nje tu, tena mbio, lakini nilikuwa na mtoto darasa la tatu, kwa hiyo nilihesabika mzazi. Na kipindupindu kilipokuja, sisi wazazi ndio tulioanza kuugua, kwa wasiwasi.

Tulikuwa kijiji cha ujamaa huku bondeni Tindiga, nyumba zimepangwa mstari mmoja, zinafanana mpaka kuku walikuwa wanalala kwa jirani. Tukasikia ugonjwa umeshika Mikumi. Kesho yake tukasikia uko Kilosa mjini. Ulikuwa unatembea kuliko basi, na wenyewe hauharibiki njiani. Bwana afya akaja na baiskeli, akasema maji yachemshwe na watu wasichangie vyombo vya kunywea. Akaondoka.

Sasa pale shuleni kulikuwa na mtungi mmoja na kata moja ya kifuu. Shule nzima inanywea hiyo. Imenyonywa miaka na miaka mpaka ukingo wake umekuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Mke wangu akasema binti yetu, ambaye ndiye pekee aliyetubakishia Mungu, hanywei pale. Aende na kikombe chake au asiende kabisa. Nami nilijua asipokwenda nitalala mahabusu mimi, maana siku zile mzazi wa mtoro alikuwa anasakwa kama mwizi wa ng'ombe.

Binti akaenda na kikombe. Saa nne akarudishwa nacho. Mwalimu mkuu alisema yeye hana neno, ila mwenyekiti wa kijiji amekataza. Wazazi tukapiga kelele mpaka kikaitishwa kikao, saa nane mchana, ndani ya darasa la bati, tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa masikio.

Mwenyekiti akaeleza kwamba mmoja akija na kikombe cha kununua, mwenzake hana, basi hapo tumeshazalisha kupe na wanyonyaji. Ubepari, akasema, huanzia kwenye kikombe. Mimi mdomo wangu haujawahi kuniomba ruhusa. Nikasimama.

"Ndugu mwenyekiti, na kuhara nako tugawane sawasawa?"

Watu wakacheka. Yeye akaniambia niache mzaha, akaendelea. Aliongea mpaka mahindi ya Msowero yakakomaa. Jasho likamtiririka, sauti ikaanza kukwaruza, akakohoa.

Mke wangu akatoka. Akarudi na ile kata, imejaa maji ya mtungi, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo baba. Maji hayo."

"Marahaba, mama."

Akaipokea, angefanyaje. Akaitazama. Darasa zima likanyoosha shingo.

"Mwalimu ndiye mwenye shule," akasema. "Aanze yeye."

Mwalimu mkuu akasema hawezi kunywa mbele ya mkubwa wake, akampa katibu. Katibu akasema amefunga, na Ramadhani ilikuwa bado mbali. Mhazini, mtu wa kanisani, naye akasema amefunga. Ikazunguka madawati yote. Iliponifikia mimi nikakumbuka jino linaniuma. Ikarudi kwa mwenyekiti imejaa vilevile, hata tone halikumwagika. Sijawahi kuona kijiji chetu kikibeba mali ya umma kwa uangalifu namna ile.

Mwenyekiti akaiweka mezani polepole, akajifuta uso.

"Ndugu wazazi, nadhani hamkunielewa. Siasa yetu ni ujamaa na kujitegemea. Sasa kikombe cha mtoto, ukiangalia vizuri, kiko upande wa kujitegemea."

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikavimba, jino nikalisahau. Wasio na vikombe wakaahidiwa kukatiwa vibuyu, na kweli wakakatiwa, ingawa kwanza ilibidi ichaguliwe kamati ya vibuyu.

Asubuhi yake binti akaondoka na kikombe cha bati kimefungwa kiunoni kwa kamba ya katani, kinagongagonga njia nzima. Mama yake akasimama mlangoni mpaka mlio ukapotea. Nyumbani ndicho kilichokuwa kikombe pekee. Mimi chai nikawa nainywea kwenye kifuniko cha sufuria, naunguza vidole na pua kwa pamoja, na kila nikilalamika mke wangu ananiambia niende shuleni, kata ipo, siku hizi haina foleni.