Majani Mekundu ya Julai, Njia ya Lubudi

Nilisafiri kwa sababu ya simu ya shangazi yangu Ngoie, anayelima maharagi bondeni, nje kidogo ya Lubudi. Alisema, "Ingénieur, bustani yote inakuwa myeusi. Kuja uone, uniambie kama ile mbegu yenye kubakia nipande ao nisipande." Nina diploma ya kilimo na sina kazi. Ni yeye peke yake anayeniita Ingénieur, yaani mhandisi, bila kucheka, na ndiyo maana niliogopa. Kabla sijafunga mfuko nilikuwa nimepitia kichwani kila ugonjwa wa maharagi niliofundishwa, na kila mmoja ulitosha kunitisha.

Kutoka Kolwezi niliondoka na koti, nikalivua kabla hatujafika mbali. Ilikuwa Julai, mwezi ambao mama yangu hutufunika mablanketi mawili, lakini jua liliwaka kama la Septemba. Barabarani malori ya madini yalituachia vumbi hadi dereva akawasha taa mchana.

Tenke nilingoja treni ambayo hakuna aliyejua iko wapi, kisha nikapanda lori la saruji lililokuwa likirudi tupu. Kijana mmoja mchimbaji, aliyetoka Musonoi, kwenye machimbo ya Kolwezi, kwenda kumsalimia mama yake, aliniuliza kazi yangu. Nikamweleza, kwa urefu.

"Kumbe wewe ni munganga ya maharagi!" alisema, na lori zima likacheka. "Mi nachimba. Kule chini jua haifike, baridi haifike."

"Na udongo ukianguka?"

"Aa, tata, wewe unapenda kufikiri mambo mubaya."

Alikuwa amesema kweli.

Tulipopanda nyanda za juu niliona msitu umevaa majani machanga, mekundu kama shaba iliyosuguliwa. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka kwamba majani hayo hutoka baridi inapokwisha, na baridi ilikuwa haijatimiza muda wake.

Bondeni nilifika jua likiwa juu. Maharagi yalikuwa yamelala mistari kwa mistari, majani yakining'inia meusi na laini kama mboga iliyochemshwa. Kule mteremko ulikoanza kupanda, mimea michache ilikuwa bado kijani. Sikuhitaji kufikiria ugonjwa tena. Ilikuwa jalidi, umande ulioganda.

"Niliamuka asubuhi, nikaona myeupe chini," shangazi alisema. "Nikazania ni bunga ya mahindi, mutu amemwanga."

Wanawake wa bonde lile hawapandi kwa kalenda. Hungoja msitu uwe mwekundu, ndipo hushuka na mbegu, wakati bonde lingali na maji. Mwaka huu joto liliwahi, miti ikaamka, wakapanda wote. Halafu ukaja usiku mmoja usio na wingu, ubaridi ukashuka mteremko, ukatuama bondeni kama maji.

"Tulingoya majani," alisema. "Ikakuwa myekundu. Tukapanda. Sasa kosa yetu ni gani?"

"Hakuna kosa, shangazi. Joto limeidanganya miti."

"Joto njo inaua na baridi? Masomo yako njo inasema vile?"

Nilimweleza kwamba joto huiwahisha mimea, na baridi, hata ikipungua, haijaondoka. Nikaongeza kwamba mwaka mmoja hauthibitishi kitu, kwamba huenda, kwamba inategemea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaleta chungu. Ndani mlikuwa na mbegu zilizobaki, nyeupe zenye doa jekundu, za mama yake, za mwisho, kwani majirani nao walikuwa wamezimaliza zao.

"Niambie neno moja tu. Baridi itarudia?"

Nikiwaza apande, niliona bonde limekuwa jeupe tena. Nikiwaza angoje, niliona maji yamekauka. Nilitaka kumwambia apande mteremkoni, lakini nilitazama umbali wa maji na magoti yake yaliyochoka, nikaacha.

"Sijui, shangazi."

"Asante. Wengine bangesema tu."

Alimimina maji chunguni, akakiweka motoni. Nilisimama kumzuia. Akasema, "Ikala chini, mutoto yangu. Mbegu ya kupanda inangoya wakati. Wakati yake hatuiyue tena." Akatia chumvi. Tulikula maharagi hayo pamoja na bukari, ugali wetu, polepole, na yalikuwa matamu sana.

Kurudi Kolwezi tulikuwa wawili kwenye lori, mimi na shangazi. Binamu yangu anayeishi Musonoi alikuwa amemwambia kuna kazi ya kuosha mawe ya wachimbaji, naye akafunga nguo zake katika kitambaa. Njiani wanawake waliokuwa wakipanda kwenye bonde jingine walimpungia, wakamuuliza kwa sauti kama bondeni kwake baridi imekwisha.

Nilikwenda nikidhani anayesema kweli kwamba hajui, hajamdhuru mtu. Nimejifunza kwamba kweli hiyo nayo ina bei yake, na hailipwi na aliyeisema. Shangazi hakuwajibu wale wanawake. Alinigeukia, akangoja niwajibu mimi, hadi lori likawapita.