Mananasi ya Duka Kubwa

Sisi tuliokulia Kariakoo tuliliita Duka Kubwa tu, na kila mtu alijua ni lile la ghorofa kule mjini, lenye feni darini na sanamu za suti dirishani. Lilikuwa na matawi hadi Tanga na Mwanza. Kabla hatujaingia, mama alitupangusa vumbi miguuni kwa pindo la khanga yake, utadhani tunakwenda kuposa.

Baadaye bidhaa zikaadimika. Rafu zikabaki na dawa ya viatu, na zile sanamu zikabaki uchi. Basi Idi ilipokaribia, habari zikaenea mtaani kwamba Duka Kubwa limeshusha vitambaa. Mama akaepua mchicha haujaiva, akaenda kupanga foleni, akarudi jioni na kitambaa cha zambarau chenye mananasi makubwa ya njano. Kingine hakikuwapo. Mtaa mzima ulikuwa umenunua hichohicho. Nililia, nikasema sikukuu sitoki.

"Vaa, mwanangu," mama akasema. "Atakayekucheka atakuwa anajicheka mwenyewe."

Tulipofika Mnazi Mmoja, uwanja ulikuwa shamba la mananasi. Hata binamu yangu Rukia, aliyekuja kutoka Tanga akijigamba kwamba gauni lake halina mfano, alikuwa nanasi vilevile. Tawi la kwao lilishusha mzigo uleule.

Jioni, kwenye msukumano wa kutoka, mama alishika mkono wa nanasi mmoja akaelekea nyumbani. Walipofika mlangoni, mtoto akamwambia kwa adabu, "Shikamoo mama. Mimi kwetu Ilala."

Mama alipomuuliza kwa nini hakusema mapema, alijibu kwamba alidhani anapelekwa kula pilau.

Mama alirudi naye mbio uwanjani, akanikuta nimesimama na mwanamke anayelia kunishinda mimi. Ndiye mama wa Asha, yule mtoto. Walitazamana, wakatutazama sisi, wakaanza kucheka hadi wakakaa chini. Pilau tulikula wote, kwetu. Asha alizoea kuja, akakua akija, mwisho akaolewa na kaka yangu.

Duka Kubwa lilifunga tawi moja baada ya jingine. Leo jengo limekatwakatwa fremu za kuuzia simu. Binti yangu hununua nguo kwa kubofya kioo, na akiona mwenzake kavaa kama yeye, hurudi nyumbani kubadilisha. Kwa mtindo huo, wifi atampata wapi?