Meza ya Muringa Kutoka Kibugu

Wakati huo tulikuwa tukikaa Nchiru, karibu na chuo alikofundisha mume wangu. Alipopata kazi Kanada, niliacha shule niliyokuwa nikifundisha Meru mjini, tukaanza kuuza vitu vya nyumba. Wanafunzi waliopanga jirani walichukua makochi, kabati, hata kitanda, mpaka vyumba vikaanza kuturudishia sauti zetu. Nilikuwa nikipita humo polepole, kana kwamba ni nyumba ya mtu mwingine niliyoombwa kuiangalia.

Kabla ya kusafiri nilienda kijijini kwetu Kibugu kumuaga mama. Nilimkuta akichambua maharagwe kwenye meza ambayo marehemu baba aliiunda kwa mkono wake, kutokana na mti wa muringa ulioangushwa na mvua pembeni mwa shamba letu la chai. Sisi watoto tulifanyia kazi za shule hapo. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni, ukaingia mlangoni bila hodi na kulala juu ya mbao, na ukiweka kiganja unasikia unyevu.

Mama aliniambia niichukue. Nilikataa, nikamuuliza yeye angekula wapi. Alinijibu kwa Kiembu, macho yakiwa kwenye maharagwe.

"Mimi siku hizi nakula jikoni, karibu na moto. Hii meza inangoja watu ambao hawaji tena. Ichukue, mwanangu."

Nikakubali. Kaka yangu aliileta Nchiru kwa pikapu, fundi akaifungua miguu na kuifunga kwa mablanketi, ikapelekwa Mombasa kuingia kontena moja na mizigo ya familia nyingine.

Kule Kanada tulikula tukiwa tumeketi kwenye zulia. Theluji ilianguka bila sauti. Nikilala niliiota meza ikiwa ndani ya meli, gizani, ukungu wa Kibugu umeilalia kama mtoto aliyesinzia, na maji ya bahari yakipita chini yake bila kuilowesha. Niliamka nikiwa nimetulia, hata sijui kwa nini.

Kisha nikapigiwa simu na watu wa forodha. Meza ilikuwa imefika, lakini walikuwa wameona matundu madogo kwenye mguu mmoja. Walihofia wadudu wa mbao. Ilibidi iwekwe kwenye chumba cha joto kali hadi wadudu wafe, au iharibiwe. Walinionya kwamba joto hilo lingeweza kuipasua.

Niliomba kuiona kwanza. Afisa aliyenipokea alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinipitisha katikati ya mali za watu: piano, baiskeli, magodoro yaliyofungwa kwa nailoni. Meza yetu ilikuwa imewekwa juu ya masanduku mawili, miguu yake imelazwa kando, chini ya taa nyeupe. Niliinama nikainusa. Moshi wa jikoni kwa mama ulikuwa bado umo.

Afisa hakuniharakisha. Aliondoka, akarudi na kiti, akakiweka mbele ya meza. Nikaketi. Nilitandaza mikono juu ya mbao, na kwa muda ghala lile likawa mbali. Nilisikia wachuma chai wakiitana ng'ambo ya kijito, na kuku wakiparua chini ya dirisha. Afisa aliniuliza tulikuwa tukila nini hapo. Nikamwambia githeri, mukimo siku za wageni, na chai kila saa. Alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayejaribu kuonja. Kisha akaniuliza nimeamua nini. Nilimwambia waiweke kwenye joto.

Ilipoletwa nyumbani ilikuwa na ufa mrefu kutoka pembe moja hadi karibu na katikati, na rangi yake imefifia. Niliinusa tena. Hapakuwa na moshi. Mume wangu alifunga miguu kimyakimya, akaniacha nilie, halafu akapika ugali na sukumawiki, akaandaa hapo.

Jumapili nilimpigia mama. Nilimweleza yote, ufa na harufu iliyopotea, nikamwomba msamaha kwa kuiharibu kazi ya baba. 

"Lakini mnakula juu yake?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, kila siku.

"Basi imefika."

Akahamia habari nyingine. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, chai ilikuwa ikichipua kuliko mikono ya kuichuma, na ng'ombe wa jirani alikuwa amezaa ndama mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Alieleza bila haraka, nami nikaegemea viwiko mezani nikimsikiliza, huku nje theluji ikiendelea kushuka.