Marahaba ya Jiweni

Juzi, kando ya ziwa pale Singida mjini, nilimwona kijana amekaa juu ya jiwe, amefumba macho, ametulia kama anayesubiri kuitwa jina. Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule Ilongero.

Baba mkubwa alikuwa na kawaida ya kupanda jiwe lililokuwa nyuma ya shamba letu la alizeti, kumtafuta Mungu. Siku hiyo nilimfuata kimyakimya, nikajibanza kwenye ufa wenye joto na harufu kali ya mikojo ya pimbi. Nilidhani yeye na Mungu wameahidiana kukutana pale.

Alivua kofia. "Shikamoo," alisema, kisha akasubiri.

Hakuna aliyeitikia. Akarudia. Chini yetu alizeti kavu zilichakarika kwa upepo. Kwetu shikamoo haiachwi bila kuitikiwa, hata mkiwa mmegombana, nami nilimwonea huruma.

"Marahaba," nikasema.

Nilishtuka kuliko yeye. Mtoto kumwitikia mzee marahaba lilikuwa kosa la fimbo. Nikabana pumzi, lakini baba mkubwa alipiga magoti, akalia.

Jioni alituambia sote kwamba ameitikiwa.

"Sauti yake ikoje?" mama mkubwa aliuliza, mwiko umesimama kwenye ugali.

"Ndogo," akasema. "Kama ya mtoto."

Nilinyamaza kwa kuogopa kuchapwa. Leo kinachonitisha ni kingine: tangu siku ile mpaka tulipomzika, hakupanda tena lile jiwe kumtafuta Mungu.