Namba Tatu ya Bwana Shamba

Alexander Mghanga alikuwa Bwana Shamba wa Mwatate, na kazi yake ilikuwa kufundisha watu. Aliwafundisha kukata matuta, kupanda kahawa kwa mistari na kuchimba mashimo ya mbolea. Akimaliza ya shamba, aliwafundisha hata yasiyomhusu, kama namna ya kumnyamazisha mtoto. Mkewe, Jedidah, alizoea kusema kwamba mumewe amejaliwa mdomo wa kufundishia, ila masikio ya kufundishwa aliyasahau kwa mama yake.

Mwaka 1954 alinunua baiskeli ya gia tatu. Gia zenyewe hazikuonekana. Zilifichwa ndani ya habu, kile kitovu kinene cha gurudumu la nyuma, na kutoka humo waya mwembamba ulikwenda hadi kwenye kikono kidogo cha usukani kilichoandikwa moja, mbili, tatu. Muuzaji alipotaka kumweleza matumizi yake, Alexander alimkatiza. "Kuhesabu najua," akasema.

Akaiweka tatu. Kwa hesabu yake tatu ni kubwa kuliko moja, na mtu wa cheo hakai chini. Tena kwenye tatu habu ililia tik-tik-tik kama saa, watu wakajua Bwana Shamba anakuja, wakayaokota majembe. Siku moja aliijaribu moja, habu ikanyamaza kimya. "Hii imekufa," akajisemea, akairudisha tatu na asiiguse tena.

Tambarare mambo yalikuwa mazuri. Lakini njia ya kupanda Wundanyi si ya mchezo. Alexander alikanyaga wima, mishipa ya shingo imemtoka, mwishowe akashuka na kuisukuma. Siku moja ya soko akapitwa na Peris, mama wa makamo mwenye mkungu wa ndizi mgongoni.

"Bwana Shamba, leo nani anambeba mwenzake?"

"Naipumzisha, mama. Chuma nacho huchoka."

"Ipe pole," alisema Peris, akaendelea kupanda.

Magoti yakavimba. Jedidah akawa anamkanda kwa maji ya moto kila jioni. "Baba Susan, kwa nini usimwone yule fundi wa Voi?"

"Ninaumwa magoti, siyo baiskeli."

"Basi peleka baiskeli. Magoti yatakufuata."

Fundi huyo aliitwa Kiilu. Alikuwa Mkamba mwenye kibanda karibu na stesheni ya Voi, na ufundi wake aliupata jeshini wakati wa vita. Alexander alifika na hukumu yake mkononi. "Fundi, habu hii ni mbovu. Inataka nguvu nyingi mno. Ifungue uipunguze ukali."

"Ukipanda mlima unaiweka ngapi?"

"Tatu."

"Ukiteremka?"

"Tatu."

"Na tambarare?"

"Fundi, nimekwambia tatu!"

Kiilu hakucheka, ila alihangaika kwa muda kutafuta spana iliyokuwa mkononi mwake. Kisha akatoa gurudumu, akaifungua habu juu ya gunia safi. Katikati palikuwa na kigurudumu cha meno kilichoganda kwenye ekseli, kisichozunguka kamwe. Vinne vidogo vilikizunguka, na nje yake duara pana lenye meno kwa ndani likavikumbatia vyote. Alexander akainama hadi miwani ikamteleza.

"Kwenye tatu, mnyororo unavuta hivi vinne," Kiilu alisema, akivizungusha kwa kidole, "na duara la nje linavizidi mbio. Mguu mmoja, mwendo mwingi. Kwenye moja, mnyororo unavuta duara, hivi vinne vinafuata polepole. Miguu mingi, mwendo kidogo. Mbili ni kama baiskeli ya kawaida."

"Sasa mtu mzima achague kwenda polepole kwa nini?"

Kiilu akafuta mikono. "Barabara ya kwenda kwenu Wundanyi, mbona imejikunjakunja? Kwa nini hawakuinyoosha?"

Hapo Alexander alipata swali la saizi yake. Akasimama wima, akatoa sauti ya mkutano. "Ukiinyoosha, hakuna ng'ombe wala gari litakaloiweza. Ukiikunja, utakwenda mbali zaidi, lakini kila hatua inakuwa nye..."

Akaitazama habu.

"Nyepesi," Kiilu akammalizia, akitia mafuta.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Jedidah angetoa hata pesa kuisikia, "Na kule kunyamaza kwa namba moja?"

"Humo ndani mna vyuma vidogo vya kushikia gurudumu; hulia vikipitwa. Vikiwa kazini havilii." Kiilu akamrudishia baiskeli. "Acha kukanyaga kidogo, ndipo uhamishe."

Siku ya soko iliyofuata Peris alishtuka kumwona Bwana Shamba ubavuni mwake, juu ya baiskeli, miguu ikizunguka kama ya mtu anayefukuzwa na nyuki na baiskeli ikienda kwa mwendo wa bibi harusi. Hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake, kwa hiyo Alexander alimweleza habari za habu njia nzima. Walipofika juu, Peris alikuwa amechoka kuliko siku zote, na siyo kwa sababu ya ndizi.

Tangu hapo kila mkutano wa matuta ulianza na habu. Watu wa Mwatate walijua vigurudumu vinne kabla ya kujua mbolea, na Alexander alieleza kana kwamba alivichonga mwenyewe.

Mwaka 1957 akahamishiwa Mahoo, upande wa Taveta, nchi iliyotandikwa kama mkeka. Wiki nzima hakupata hata kichuguu cha kupanda. Jumapili, baada ya kanisa, akaulizia mwinuko ulio karibu, akaambiwa ukingo wa ziwa Chala, lililo ndani ya shimo la volkano.

"Unafuata nini huko?" Jedidah aliuliza.

"Kutazama ziwa."

"Baba Susan, ziwa liko chini. Wewe unafuata mlima."

Kwa mara ya kwanza tangu waoane hakubisha. Akafunga miguu ya suruali kwa kamba, akapanda baiskeli. Jedidah akaufunika wali wa mumewe kwa sahani, akaketi kula wake.